Kifungu cha Sita: Ugogo, Palestina na Suala la Ardhi

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanamjua Mathias Mnyampala kwa ngonjera zake, kwa diwani yake ya mwaka 1963, na kwa uongozi wake katika chama cha UKUTA. Ni wachache huku visiwani wanaokumbuka kwamba bingwa huyo hakuwa mtu wa mwambao. Alikuwa Mgogo, aliyezaliwa Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, tarehe 18 Novemba 1917, wakati ambapo nchi yake ilikuwa inakufa kwa njaa.

Njaa hiyo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, katika vita vyao na Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Na Waingereza walipoingia Dodoma mwezi Julai 1916 wakafanya yale yale. Mvua ilipokataa kunyesha, maghala yalikuwa yamekwisha kufagiliwa, na makundi ya mifugo, ambayo ndiyo akiba ya Mgogo ya kuvukia miaka mibaya, yalikuwa yamechinjwa kulisha askari. Inakadiriwa kuwa katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, 30,000 walifariki kufikia mwaka 1920.

Siku kumi na sita kabla ya kuzaliwa Mnyampala, tarehe 2 Novemba 1917, serikali ile ile ya Uingereza ilitoa barua ya waziri wake Arthur Balfour, iliyoahidi kuunga mkono maskani ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, nchi ambayo wenyeji wake walio wengi mno walikuwa Waarabu, Waislamu kwa Wakristo. Lau mtu angedai siku zile kwamba njaa ya Ugogo na barua ya London zina udugu, angeonekana anatafuta mafumbo. Lakini haikupita miaka mitano ila udugu huo uliandikwa kwa wino.

Mwezi Julai 1922 Baraza la Shirikisho la Mataifa liliidhinisha hati za kuikabidhi Uingereza nchi hizo mbili kama amana: Tanganyika tarehe 20, Palestina tarehe 24. Amana mbili, mdhamini mmoja, wiki moja. Na anayetaka kujua kwa nini suala la Palestina limepata masikio hata katika nyanda kavu za kati, mbali na bahari na mbali na misikiti yetu ya mwambao, hana budi kuanza kwa kusoma kifungu cha 6 cha kila hati.

Kifungu cha 6 cha hati ya Tanganyika kilimtaka mtawala, anapotunga sheria za ardhi, azingatie mila za wenyeji, aheshimu haki zao na kulinda maslahi yao, na asiache ardhi ya mwenyeji ipite mikononi mwa mgeni pasipo idhini ya serikali. Kifungu cha 6 cha hati ya Palestina kilimtaka mtawala yule yule arahisishe uhamiaji wa Wayahudi na ahimize makazi yao juu ya ardhi, zikiwemo ardhi za serikali na zile zilizohesabiwa kuwa hazitumiki. Haki za wakazi wengine zilitajwa pia, kwa maneno machache, kwamba zisidhuriwe. Namba ni ile ile na mtawala ni yule yule, ila katika hati moja mwenyeji ndiye mwenye ardhi, na katika hati ya pili mwenyeji ni mtu wa kutajwa pembeni.

Haikukosa kidogo ardhi hizi zikabadilishana ajali. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ililipa kundi la Wazayuni toleo la nchi katika Uasin Gishu, ambako leo ni Kenya. Tume yao ikaja kupakagua, na mkutano wao mkuu wa mwaka 1905 ukapakataa. Hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamasai.

Tusiipambe mno hati ya Tanganyika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana, na mlango ulioachwa wazi na sheria hiyo ndio ulioingiza, baada ya vita vya pili, mradi wa karanga wa Kongwa. Mwaka 1946 wajumbe kutoka London waliizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama kutoka ndani ya ndege, na wakaandika kwamba zaidi ya ekari milioni tatu zaweza kulimwa karanga za kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Kutoka juu, Kongwa ilionekana tupu. Kumbe malisho ya kiangazi, kwa mtu asiyejua mwenendo wa mfugaji, huonekana tupu daima! Matingatinga yaling'oa vichaka na mibuyu. Mvua zilipopita, udongo uliovuliwa nguo uligeuka mgumu kama sakafu, ukavunja majembe ya matrekta. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na pauni za Kiingereza milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Lakini ardhi haifutiki katika vitabu. Watu wa Kongwa walibaki nayo, ikiwa uchi, na upepo ukiichukua.

Historia ina kejeli zake. Mahali pale pale palipoachwa na wakulima wa karanga ndipo serikali ya Tanzania ilipowapa wapigania uhuru kambi mwaka 1964. FRELIMO walikuja, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO, MPLA na ZAPU. Samora Machel aliishi hapo, na Chris Hani pia. Wagogo wa vijiji vya jirani waliwauzia nafaka na kuku, waliwaoza mabinti zao, na walijifunza, bila kwenda shule, kwamba mtu anaweza kufukuzwa katika nchi yake na bado akawa na nchi. Somo hilo lina uzito katika habari yetu. Mwambao umeijua Palestina kwa njia ya dini: Al-Quds ni kibla cha kwanza na ni kituo cha Miraji. Bara la kati nalo liliyajua majina ya Bethlehemu na Yordani kwa njia ya misheni, na Mnyampala mwenyewe alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Lakini majina ya vitabuni ni kitu kimoja, na jirani mkimbizi anayekuja kuomba maji ya kisima ni kitu kingine. Ni Kongwa, kuliko vitabu, iliyoifundisha Dodoma maana ya mtu aliyenyang'anywa ardhi.

Ni haki pia kusema kwamba Tanzania haikuanza kwa ugomvi na Israeli. Ilianza kwa urafiki. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963, lilipata ushauri wa wataalamu wa Kiisraeli, na wazo la kijana anayeshika jembe na bunduki kwa pamoja lilitoka kwao kwa kiasi kikubwa. Walisaidia pia katika ushirika wa wakulima. Mwalimu Nyerere aliyapenda mashamba yao ya kijamaa, na huruma yake kwa mateso ya Wayahudi wa Ulaya haikuwa ya kuigiza. Hata hivyo, baada ya vita vya Juni 1967, katika hotuba yake ya siasa ya nje mjini Mwanza mwezi Oktoba mwaka huo, alisema kwa lugha isiyo na mikunjo kwamba kuundwa kwa Israeli kulikuwa ni uchokozi dhidi ya Waarabu, kwamba ulimwengu uliufumbia macho kwa sababu ya madhila yaliyowapata Wayahudi, na kwamba ardhi iliyotekwa kwa vita haiwezi kukubaliwa kuwa halali ya mtekaji. Hakuitaka Israeli ifutwe. Alitaka isipanuke.

Twende sasa kwenye Oktoba 1973, mwezi ambao kwa rai yangu haujapewa haki yake katika historia ya Dodoma. Tarehe 1 ilitangazwa kwamba makao makuu ya nchi yatahamia Dodoma. Tarehe 6 vita vilizuka baina ya Misri na Syria kwa upande mmoja na Israeli kwa upande wa pili. Kabla ya mwezi kwisha, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, pamoja na nchi nyingi za Afrika, na katika miaka iliyofuata Chama cha Ukombozi wa Palestina kilikuwa na ofisi yake Dar es Salaam, bega kwa bega na vyama vya kusini mwa Afrika. Na mwaka huo huo ulianza mradi wa kuhifadhi udongo wa nyanda za kati, uliojulikana kwa jina la HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma.

Jambo ambalo wasifu wa mwezi ule hupenda kuliruka ni tangazo la mapema Novemba 1973, kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa si hiari tena bali ni amri. Ugogo ilikwisha kuyaonja hayo mapema zaidi, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, watu walipohamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kukusanywa mahali pamoja. Basi serikali iliyosema kwa haki kabisa kwamba Mpalestina asiondolewe katika shamba lake, ilikuwa wakati huo huo inamwondoa Mgogo katika lake. Sisemi kwamba mambo haya ni sawa. Mgogo alihamishwa ndani ya nchi yake na serikali yake, akabaki raia, na aghalabu alirudi kulima shamba la zamani mara operesheni ilipopoa; Mpalestina wa mwaka 1948 alifungiwa mlango wa nyuma na shamba lake likaandikwa jina la mwingine. Lakini mwanahistoria anayeona tofauti tu bila kuona kufanana, au kufanana tu bila tofauti, anafanya kazi ya wakili.

HADO ndiyo iliyoifikisha hoja hii penye uchungu wake. Vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, nchi ya Warangi, Waislamu ambao babu zao walifanya biashara na misafara ya kutoka pwani, vilikuwa vimechimbika kwa makorongo ya kutisha. Matuta na miti havikutosha. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu, walihamishwa. Mwaka 1986 amri kama hiyo iliifikia Mvumi. Na vilima vikapona: majani yakarudi, makorongo yakaota vichaka, chemchemi zikadumu zaidi. Wageni walikuja kupiga picha. Aliyeulizwa gharama alikuwa mwenye ng'ombe, ambaye aliwapeleka kwa jamaa mbali, akakosa maziwa na samadi, na huko walikokwenda wakalemea malisho ya watu wengine. Ilichukua muongo mmoja kabla ya kuruhusiwa kufuga tena, ng'ombe akiwa zizini analetewa majani.

Kwa nini mambo ya Kondoa yanaingia katika habari ya Palestina? Kwa sababu huko nako mti umetumika. Tangu kabla ya 1948, na zaidi baada yake, Hazina ya Kitaifa ya Wayahudi imepanda misonobari kwa mamilioni, na sehemu ya misitu hiyo imesimama juu ya magofu ya vijiji vya Waarabu. Mfano ulio wazi ni wa Imwas, Yalu na Beit Nuba, vijiji vitatu karibu na barabara ya Jerusalem, ambavyo wakazi wake walifukuzwa Juni 1967 na nyumba zikabomolewa; juu yake kuna bustani ya mapumziko inayoitwa kwa jina la Canada, kwa kuwa michango ya huko ndiyo iliyoipanda. Mtu anayetembea chini ya misonobari ile anaweza kuona mizeituni mikongwe na mashina ya mitini yaliyosalia, mashahidi wasiosema. Kwa upande mwingine wa mstari, mizeituni ya Wapalestina imeng'olewa kwa mamia ya maelfu tangu mwaka 1967, kupisha makazi, barabara na ukuta. Ndiyo maana wanamazingira wengi duniani wamekataa kauli kwamba kupanda miti hakuna siasa. Wanauliza kwanza: unapanda wapi, na nani alikuwa hapo?

Swali hili Dodoma inalijua vizuri kuliko inavyokiri. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973, ilipovunjwa na Rais Magufuli Mei 2017, malalamiko ya wananchi juu ya viwanja na mashamba yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani. Mwaka huo huo ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Niipendayo zaidi mimi ni njia nyingine, ya taratibu, ambayo taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi zimeieneza mkoani tangu mwaka 2018 kwa jina la Kisiki Hai. Hakuna mche unaopandwa. Mkulima hutafuta katika shamba lake visiki ambavyo mizizi yake haijafa, huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, hufunga alama, na kusubiri. Mti unaoota ni wa kienyeji, na ardhi haikubadilisha mwenyewe. Mzeituni nao una tabia hiyo hiyo: ukikatwa huchipua shinani, na wakulima wa Palestina wamerudisha mashamba kwa njia hiyo.

Tanzania iliitambua dola ya Palestina Novemba 1988, siku chache baada ya kutangazwa Algiers. Kisha upepo wa dunia ukageuka. Uhusiano na Israeli ulirejeshwa 1995, na ubalozi wa Tanzania ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018, huku ule wa Palestina ukiendelea Dar es Salaam. Udugu wa dola kwa dola ukawa wa makini na wa sauti ya chini. Uliobaki na sauti ni wa wakulima.

Mwaka 1993 yalizaliwa mambo mawili yaliyokuja kukutana. Morogoro ulianzishwa Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ambao kaulimbiu yake ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Na Ubelgiji iliundwa La Via Campesina, jumuiya ya wakulima wadogo wa dunia. MVIWATA ni mwanachama wake. Mwaka 2013 walijiunga humo pia Wapalestina, kupitia Umoja wa Kamati za Kazi za Kilimo, unaojulikana kwa herufi UAWC. Basi mkulima wa mahindi anayeshusha magunia yake katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, soko ambalo mtandao huo ulishiriki kulijenga mwanzoni mwa miaka ya 2000, amo katika jumuiya moja na mkulima wa zabibu wa Al-Khalil. Nimetaja zabibu kwa makusudi: ni zao linaloitambulisha Al-Khalil, na ni zao linaloitambulisha Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana walilileta na ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Jumuiya hiyo haikuishia kwenye matamko. Imeiadhimisha Siku ya Ardhi ya Wapalestina, tarehe 30 Machi, inayokumbuka watu sita waliouawa Galilaya mwaka 1976 wakipinga kunyang'anywa mashamba. Na mwishoni mwa mwaka 2024 ilipeleka ujumbe wa wakulima Ukingo wa Magharibi. Serikali ya Israeli iliiweka UAWC katika orodha ya magaidi Oktoba 2021, pamoja na jumuiya nyingine tano za kiraia, uamuzi ambao nchi kadhaa za Ulaya zilisema haukuthibitishwa kwa ushahidi.

Mshikamano wa wakulima haukosi majaribu. Tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas walipoingia Israeli na kuua watu wapatao 1,200, miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo katika vijiji vya jirani na Gaza. Walikuwa wanafunzi wa mashamba, hawakuwa na ugomvi na mtu. Anayeandika juu ya Palestina kwa Kiswahili na asiwataje anawaibia msiba wao wazazi wa Kitanzania. Na anayewataja ili anyamazie yaliyofuata anafanya wizi mwingine: kufikia Julai 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilihesabu zaidi ya watu 60,000 waliouawa, na katika mwaka huo Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likitumia picha za setilaiti, lilieleza kwamba chini ya asilimia 5 ya ardhi ya kulima ya Gaza ndiyo iliyosalia ikiweza kulimwa. Ugogo ya mwaka 1917 ingezielewa hesabu hizo bila mkalimani: jeshi, ghala tupu, kisha njaa.

Mjini Al-Khalil UAWC ina benki ya mbegu za kienyeji za mboga na nafaka, zilizokusanywa kwa wakulima wa Gaza na Ukingo wa Magharibi, mbegu zilizozoea kuishi kwa mvua chache. Oktoba 2024 sehemu ya mbegu hizo ilipelekwa Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norway, katika ghala la dunia lililochimbwa ndani ya mlima wa barafu. Tarehe 31 Julai 2025 matingatinga ya jeshi la Israeli yaliingia katika kitengo cha kuzalishia mbegu hizo na kubomoa maghala na vifaa vyake.

Kongwa pia yanajulikana matingatinga. Huko, mvua za kwanza hutazamiwa mwezi Desemba, na mpaka zifike mbegu za uwele na mtama hukaa vibuyuni juu ya meko, moshi ukizilinda na wadudu. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 haimruhusu mkulima kuziuza zikiwa hazijathibitishwa na serikali, na MVIWATA imekuwa ikidai haki ya mbegu za mkulima zitambuliwe. Kwa hivyo hutoka mkono hadi mkono: mama humpa jirani kibaba, na jirani hurudisha baada ya mavuno.